Fonti za "Kesho" Hazijui Kuandika Magwagwa

Leo nina ugomvi na fonti. Si fonti zote. Nazungumzia zile za "kisasa zaidi": herufi za mraba zenye kona za mviringo, zisizo na vijimkia, zilizotanuka, ambazo ukiziona tu unajua mwenye tangazo anataka umdhanie ametoka mwaka 2100. Zimejaa kwenye mabango ya saiba, maduka ya simu na migongo ya matatu. Sasa wateja wanazitaka kwenye tovuti, tena ukurasa mzima!

Kwanza tuache huu uongo wa "kesho". Futura ya Paul Renner ni ya 1927. Bank Gothic ya Morris Fuller Benton ni ya 1930. Microgramma ilitoka Italia 1952 ikiwa na herufi kubwa pekee, kisha Aldo Novarese akaikamilisha kwa jina la Eurostile mwaka 1962. Filamu ya 2001: A Space Odyssey ya 1968 ikaipeleka angani. Yaani kesho hii ilichorwa kabla Kenya haijapata uhuru. Hata Orbitron ya 2009 inapita njia ileile.

Uzee si dhambi. Shida ni kwamba waliozichora hawakuwa wakifikiria maneno yetu, na sisi tunazipachika bila kuzijaribu.

Chukua jina Magwagwa, kule Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira. Lina herufi 8, na 3 kati yake ni A. Mchoraji wa fonti ya angani hupenda kuiondolea A kile kijiti cha katikati. NASA walifanya hivyo kwenye nembo yao ya 1975 na ikapendeza, kwa sababu ni neno moja la herufi 4. Sasa iandike MΛGWΛGWΛ. Hapo umepata milima na mabonde! Kiswahili kinatumia A kuliko herufi nyingine yoyote, na maneno yetu mengi huishia kwa irabu. Ukiivunja A, umeivunja lugha.

Wengine hawabadilishi hata fonti. Wananakili Λ ya Kigiriki na kuibandika mahali pa A. Jicho litasamehe, lakini tarakilishi haisamehi: kwake A ni U+0041 na Λ ni U+039B. Mtu akitafuta "Magwagwa" huenda asikupate kamwe, na programu inayomsomea asiyeona itatamka vioja.

Pili, ritifaa. Ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe, na Ekegusii nacho kina eng'ombe. Majina kama Ong'era na Nyang'au tayari yanateswa na fomu za mtandaoni zinazolia "herufi si sahihi". Kisha inakuja fonti ambayo ritifaa yake ni kijiti kinene kilichosimama wima, ukidhani ni I imekatwa miguu. Na ukivuka kwenda kwa jirani zetu Wakikuyu na Wakamba, wanaohitaji ĩ na ũ, fonti isiyo na herufi hizo huwaachia kisanduku kitupu, au kivinjari kinaazima herufi kutoka fonti nyingine na neno linaonekana kama shati lenye kiraka.

Tatu, na hapa ndipo pesa zinapoingia: tarakimu. Katika fonti za mraba, 0 na O ni mapacha, 8 na B ni ndugu, 5 na S ni binamu, na 6 ukiitazama kwa mbali ni 8. Tangu Lipa na M-Pesa ianze mwaka 2013, namba ya malipo ukutani ndiyo kaunta ya duka. Mama aliyetoka kuuza majani chai anaisoma akiwa mbali, jua likimpiga machoni. Akikosea tarakimu moja, pesa zinaweza kwenda kwa mtu mwingine, na kuzirudisha ni safari. Nani alaumiwe, mama au aliyechora bango?

Najua mtaniambia: "Fonti hizi ni za kuonyesha tu, si za kusoma." Sawa kabisa! Basi zitumieni hivyo: neno moja au mawili, makubwa, juu ya ukurasa. Maelezo, majina ya watu na namba za malipo ziandikwe kwa fonti ya kawaida. DejaVu na Noto ni za bure, na zina ĩ na ũ.

Kabla ya kuchagua fonti yoyote, andika mstari huu: MAGWAGWA NG'OMBE ĩ ũ 0O 8B 5S 6. Soma ukiwa hatua kumi. Ikikushinda wewe uliyeuandika, mteja wako ataweza?

Na walio na ari zaidi: Orbitron na nyingine nyingi zimetolewa kwa leseni huria ya SIL. Una ruhusa ya kuzifungua kwa FontForge, kurekebisha A, kunyoosha ritifaa, kuongeza ĩ na ũ, kuzipa jina jipya na kuzigawa. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili. Walishughulikia maneno. Sisi tumeshindwa na herufi?

Kazi ni hiyo. Anayebisha aniletee bango lake tulisome pamoja.