Mimi Ndiye Niliyewauzia Mlonge

Kama ulikaa hosteli mwaka jana na ukanunua unga wa mlonge kwenye kifuko kidogo chenye karatasi ya kijani, shilingi 3,000, basi kuna uwezekano mkubwa uliununua kwangu. Nilianza biashara hiyo muhula ambao boom ilichelewa, na sitajifanya nilikuwa na wito mwingine zaidi ya njaa. Shangazi yangu ana miti mitatu ya mlonge nyuma ya nyumba, Kimara. Mlonge hauna gharama: unaukata leo, wiki chache baadaye umeshachipua. Nilivuna majani, nikayaanika uani juu ya turubai, nikayasaga, nikapima kwa kijiko cha chakula. Karatasi ya kijani niliichapisha steshenari. Maneno yake niliyaokota mtandaoni kama yalivyo: "Hutibu magonjwa 300. Vitamini C mara saba ya chungwa. Hauna madhara yoyote."

Sikuwahi kujiuliza hayo magonjwa 300 ni yapi. Nimewahi kujaribu kuyaorodhesha na mwenzangu tukiwa kwenye vimbwete, tukafika arobaini na kitu tukaishiwa.

Naandika kwa sababu sasa hivi kila ghorofa ya hosteli ina muuzaji wake. Kuna mlonge, kuna habati soda, kuna unga wa mbegu za maboga, kuna michanganyiko ambayo hata muuzaji hajui ndani kuna nini. Karatasi zao zina maneno yaleyale ya kwangu, mengine hata makosa ya herufi ni ya kwangu. Na kwa sababu karatasi hiyo ilimfikia mtu ambaye si mwanafunzi.

Karibu na geti kuna mama anayeuza chapati na maharage asubuhi, wali mchana. Wengi wetu tumekula kwake kwa mkopo, na daftari lake la madeni lina majina ya watu ambao sasa ni maofisa. Ana presha. Alikuwa anameza vidonge kila siku na alikuwa amevichoka, kama ambavyo mtu yeyote angechoka na dawa aliyoambiwa ni ya maisha. Nilimuuzia mlonge. Akaniuliza, "Mwanangu, hii naweza kunywa na vidonge vyangu?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, mimi mtoto wa mwaka wa pili niliyekuwa nasoma uhasibu: "Mama, vile ni kemikali. Hii ni asili."

Sikumwambia aache vidonge. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi, kwamba sikumwambia aache. Lakini nilijua nilichokuwa namwambia, na yeye alinielewa vizuri.

Miezi miwili baadaye hakufungua biashara. Wiki nzima. Tukasikia alianguka nyumbani alfajiri, presha imepanda, kiharusi. Alinusurika. Alirudi, sasa binti yake ndiye anayekanda unga, maana mkono wa kushoto haushiki vizuri. Siku ya kwanza nilipopita nikamwamkia, shikamoo mama, akaniitikia, akanivuta pembeni. Nilijua naenda kutukanwa. Akasema, "Ile dawa yako iliisha. Una nyingine?"

Sasa niseme ninachokiamini, maana najua wapo watakaosoma hapa wakasema huyu amegeuka, anataka tuidharau tiba yetu tuabudu vidonge vya Wazungu. Mlonge ni mmea mzuri. Asili yake ni miguu ya milima ya Himalaya upande wa India, lakini umekaa Pwani yetu muda mrefu hadi una majina: mlonge, mronge, mzunze. Majani yake ni mboga yenye protini, kalsiamu na madini ya chuma. Mbegu zake zikipondwa na kutiwa kwenye maji ya tope, protini zake hunasa chembe za udongo na kuzituamisha chini. Maji yanabaki meupe, ingawa bado yanahitaji kuchemshwa. Ukinipa mchuzi wa mlonge wa karanga na ugali leo, nitamaliza.

Tatizo ni hesabu. Hiyo "mara saba ya chungwa" ilihesabiwa kwa majani mabichi, gramu kwa gramu. Vitamini C haivumilii joto wala jua. Ukianika majani siku tatu uani kama nilivyoanika mimi, sehemu kubwa inapotea. Protini inabaki, na kwenye unga mkavu ni karibu robo ya uzito, jambo ambalo linasikika kubwa mpaka upime. Kijiko cha chakula kilichojaa kina gramu kama nane hivi. Robo yake ni gramu mbili. Yai moja lina gramu sita. Kifuko changu cha 3,000 kilikuwa na vijiko kumi, yaani protini ya mayai matatu na kidogo. Nenda kaulize bei ya mayai matatu dukani halafu uone nani alikuwa anamlisha nani.

Na kuhusu kutibu: utafiti mwingi uliopo umefanywa kwa panya au kwenye maabara. Wa binadamu upo, lakini ni wa vikundi vidogo na muda mfupi. Dalili zinazoonekana humo ni kwamba majani yanaweza kushusha sukari kidogo, na presha kidogo. Watu wakisikia hivyo wanashangilia, kumbe hapo ndipo pa kuogopa. Kitu kinachoweza kushusha sukari hakiwezi kuwa "hakina madhara yoyote." Mwenzetu anayejidunga insulini, ambaye mwisho wa mwezi anaruka mlo wa usiku kwa kukosa hela, ukimwongezea kitu kingine cha kushusha sukari hata kwa kiasi kidogo, unamsogeza pabaya. Tunao wenzetu wenye moyo waliofanyiwa upasuaji wa kubadilishwa vali, wanaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini. Hao hospitalini huelekezwa wasibadilishe ghafla kiasi cha majani ya kijani wanachokula, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Unga wa majani ni majani, tena yaliyokusanywa pamoja. Nilimuuliza mteja gani swali hilo? Hakuna. Niliuliza kama ana chenji.

Kuna mambo ambayo bibi yangu Handeni aliyajua na mimi msomi sikuyajua. Bibi alipika majani. Mizizi na magome hakuyagusa ovyo, na mwanamke mjamzito alikatazwa kabisa. Baadaye nikasoma kwamba katazo hilo lina msingi: mizizi na magome yana kemikali zenye sumu, na yamekuwa yakitumika sehemu mbalimbali kutoa mimba. Tiba asili ya bibi ilikuwa na miiko, ilikuwa na kipimo, ilikuwa na mtu wa kumrudia mambo yakiharibika, na mtu huyo alikuwa anaishi nyumba ya tatu. Mimi nilichukua jani nikaacha miiko. Halafu nikaita hiyo asili. Kwa hiyo anayedharau tiba yetu ni nani hapa, anayedai kipimo au aliyeuza bila kipimo?

Watu hupenda kunitajia mfano wa artemisinini, dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea uliotumika China karne nyingi. Ni mfano mzuri, ila tuusome mpaka mwisho. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015, hakuchuma majani akayafunga kwenye vifuko. Yeye na wenzake walihangaika na mimea mingi, wakagundua joto lilikuwa linaharibu kile walichokitafuta, wakabadili njia ya kukikamua, na mwaka 1972 wakakinywa wao wenyewe kwanza kuona kama kinadhuru kabla ya kumpa mgonjwa. Mimi unga wangu niliuonja? Niliuonja, mara moja. Ni mchungu.

Usafi sasa. Turubai la shangazi lilikuwa uani, na shangazi anafuga kuku. Kuku wanapita popote. Nilikuwa nawafukuza nikiwepo. Mwaka 2016 huko Marekani watu 33 waliugua salmonela kwa kutumia unga wa lishe wa kampuni moja, na uchunguzi ukafika kwenye unga wa majani ya mlonge uliochanganywa ndani. Hao walikuwa na kiwanda, na walikuwa na mamlaka ya kuwafuatilia na kuondoa makopo madukani. Mimi nilikuwa na turubai na kuku. Kama kuna mtu aliharisha wiki ya UE mwaka jana akadhani ni presha ya mtihani, naomba radhi.

Mtu atasema, basi serikali ipo, sheria zipo. Zipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, kuna Baraza lake la kusajili waganga na dawa zao, kuna Mkemia Mkuu wa Serikali wa kupima usalama, na pale Muhimbili kuna taasisi nzima ya chuo inayotafiti dawa za asili. Lakini sisi tumepata upenyo wetu. Akija mtu wa sheria, unga ni chakula, lishe tu, mboga iliyokaushwa. Akija mteja, unga ni dawa. Mama wa chapati aliniambia kwamba hospitalini daktari alimuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia, akajibu hapana. Hakudanganya. Kwake mlonge ulikuwa lishe, na dawa ni kile kinachotoka famasi. Neno moja lenye sura mbili, na mgonjwa ndiye aliyebaki katikati.

Hapa lazima nilalamike kidogo juu ya upande wa pili pia. Watu wanaficha mitishamba kwa sababu wakisema wanafokewa. Ukimwambia muuguzi unakunywa mwarobaini anakuangalia kama umetoka pangoni. Wenzetu wa udaktari na ufamasia mnaosoma gazeti hili, mkienda mafunzo kwa vitendo, ulizeni hivi: "Kuna majani, unga au chai yoyote unayotumia?" Ulizeni kwa sauti ya kawaida. Mtashangaa majibu.

Sitaki serikali ya wanafunzi ipige marufuku. Tukipiga marufuku vifuko vitahamia chini ya magodoro na hakuna atakayeuliza lolote. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho na kigumu zaidi. Anayeuza aandike sehemu gani ya mmea imetumika, imekaushwa lini, imekaushwa wapi, na namba yake ya simu. Afute neno "hutibu" kama bidhaa haijasajiliwa. Na kabla hajapokea hela amuulize mteja kama ana mimba, kama ana sukari au presha, kama kuna vidonge anameza kila siku. Jibu likiwa ndiyo, amwambie aongee na mfamasia kwanza. Kuna kliniki ya chuo hapa hapa, wengi hatuijui mpaka tunapotaka kuahirisha mtihani.

Na zile unga za "nguvu" zinazouzwa kwa kunong'ona vyumba vya wavulana, hizo ni habari nyingine kabisa. Sehemu nyingi duniani bidhaa za namna hiyo zinazoitwa asilia zikipimwa hukutwa zimechanganywa na sildenafili, dawa halisi ya famasi, bila kuandikwa na bila kipimo. Ndiyo maana "zinafanya kazi" ndani ya saa moja, ndugu zangu. Jani halina haraka hiyo.

Vifuko vyangu vilivyobaki vilikuwa kumi na saba. Nilivimwaga kwenye bustani ya shangazi, kuku wakapekua. Mama wa chapati sikumuuzia tena, lakini nilishindwa pia kumwambia hapana tu halafu niondoke. Nilimpelekea fungu la majani mabichi, nikamwambia haya ni mboga, apike na karanga, na vidonge ameze vilevile kama alivyoandikiwa. Nikamwambia na lile nililomwambia mwanzo lilikuwa la kijinga. Akacheka, akasema, "Wewe mtoto, mwaka jana ulisema hivi, mwaka huu unasema hivi, nikuamini lini?"

Sikuwa na jibu. Sasa vidonge vyake vinakaa kwenye kopo karibu na chumvi, na kila asubuhi kabla sijaagiza chapati namuuliza kama ameshameza. Husema ndiyo. Kuna siku binti yake, akiwa nyuma yake, ananitikisia kichwa kwamba bado, na mimi nakaa kwenye benchi bila kuagiza mpaka mama afungue kopo.