Mama mwanafunzi naye atanyonyesha saa ngapi?

Msichana wa miaka 16 akijifungua hapa Pwani, maneno huwa mengi: nani aliyempa mimba, wazazi walikuwa wapi, atarudi shule lini. Mtoto atanyonya vipi ni swali ambalo halina mwenyewe.

Ushauri wa kiafya unajulikana: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji, kisha chakula kingine huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 6 kati ya 10 walio chini ya miezi 6 nchini hunyonyeshwa hivyo.

Kwa mama mdogo, mara nyingi uamuzi si wake. Anakaa kwa wazazi, anakula chao, na bado wamemkasirikia. Nyanyake mtoto akisema apewe maji ya sukari au uji mwepesi kwa kuwa analia, binti hana ubavu wa kukataa. Mtoto aliyeshiba uji hunyonya kidogo, na ziwa lisiponyonywa maziwa hupungua. Baada ya wiki chache huambiwa hana maziwa.

Kisha kuna shule. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu kurudi darasani, na hilo ni jema. Lakini Sheria ya Afya ya 2017, inayodai pawe na mahali pa kunyonyeshea, inamtaja mwajiri na kazini kwake. Karani wa ofisini analindwa. Mwanafunzi anashinda darasani tangu asubuhi, maziwa yakimjaa na kulowesha sare, wenzake wakimcheka. Hapo hulazimika kuchagua: amwachishe mtoto ziwa au aache masomo.

Kumhubiria binti huyu faida za maziwa ya mama hakutoshi. Wahudumu wa afya ya jamii wanapopita nyumbani wazungumze na nyanya pia, maana ndiye mwenye kauli. Mwalimu mkuu anaweza kutenga chumba chenye mlango na kiti, aruhusu mtoto aletwe wakati wa mapumziko, au mama akimbie nyumbani ikiwa ni karibu. Hayo hayangoji bajeti ya kaunti.

Mkutano wa wazazi ukiitishwa shuleni kwenu, ulizeni: msichana aliyerudi baada ya kujifungua ametengewa wapi, na saa ngapi?