Eti Paka Hapotei!

Wasomaji wangu, niwieni radhi kwa kimya cha karibu wiki mbili. Wengine mmeniandikia mkidhani naumwa, wengine mmedhani nimekamatwa. Hapana jamani. Nilikuwa namtafuta paka, na baada ya hapo nilikuwa namuuguza.

Najua mmecheka. Chekeni tu, nimeshazoea. Amecheka mhariri wangu nilipoomba ruhusa ya siku moja. Amecheka mjumbe wetu hapa Mabibo, mzee wa watu, ambaye nilimfuata saa moja asubuhi, nikampa shikamoo yake, nikakaa kwenye mkeka na kumweleza shida yangu. Alinisikiliza hadi mwisho kwa uso wa mtu anayepokea habari za msiba. Kisha akauliza, "Mwanangu, umesema paka?" Nikamwambia ndiyo mzee, paka. Akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Paka hapotei, paka anatembea.

Leo nataka nigombane na kauli hiyo. Paka hapotei! Nimeisikia kwa mjumbe, kwa fundi baiskeli, kwa mama mwenye nyumba na kwa kijana wa chipsi, wote kwa maneno yale yale kama vile wamefundishwa darasa moja. Inatamkwa kwa upole, kama faraja. Kwa maoni yangu ni kisingizio cha kutosimama.

Huyu paka wangu anaitwa Kachero. Dume, rangi ya majivu yenye mistari, sikio la kushoto limechanika kwa ugomvi wa usiku. Nilimpa jina hilo kwa sababu hakuna jambo lililofanyika mtaani bila yeye kwenda kulichungulia. Si paka wa kwenye picha za kalenda. Ni paka wa nje kama walivyo wengi wa mji huu: anakula dagaa wake kwangu, analala kwangu mchana, na usiku ana shughuli zake juu ya mabati ya watu. Lakini adhana ya alfajiri ikimalizika yuko mlangoni. Jumanne ile hakuwepo. Nikasema atakuja. Jumatano nikasema hivyo hivyo. Ndiyo, nakiri, siku mbili nzima nami niliamini upuuzi ninaoutukana leo.

Alhamisi ndipo nikafanya kazi ninayolipwa kuifanya, nikatafuta taarifa. Mwaka 2018 jarida la kisayansi liitwalo Animals lilichapisha utafiti kuhusu paka 1,210 waliopotea. Waliopatikana ndani ya mwaka mmoja ni asilimia 61. Waliopatikana wakiwa hai ndani ya siku saba za mwanzo ni asilimia 34, na baada ya siku 90 waliopatikana hai walikuwa wachache sana. Sasa niambieni, kama paka hapotei, hao karibu wanne katika kila kumi walikwenda wapi? Walihamia Ulaya?

Hapo hapo kuna habari nyingine iliyonifanya nisimame kitini. Asilimia 75 ya waliopatikana walikutwa ndani ya mita 500 kutoka walikotoroka. Na wale waliotajwa na wenyewe kuwa wadadisi sana walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Mdadisi! Nikamuona Kachero waziwazi. Najua utasema hayo ni ya watu wa nje, mtaa wao una uzio na kila nyumba ina namba. Sawa. Lakini paka aliyeumia au aliyeogopa anajificha na kunyamaza, wa kwao na wa kwetu, hata akiitwa na anayemlisha. Kusimama kibarazani na kuita "pspspsps" mara tatu si kutafuta. Kutafuta ni kupiga magoti, kumulika uvunguni, nyuma ya matangi na chini ya mbao za mafundi, na kuomba mlango wa stoo ufunguliwe uone kwa macho yako.

Usiku ndiyo saa nzuri, macho ya paka yanarudisha mwanga wa tochi. Tatizo ni kwamba uswahilini kijana anayemulika nyuma ya nyumba za watu saa sita usiku ana jina moja tu, na hilo jina likishapigiwa kelele huna muda wa kueleza habari za jarida la Animals. Alhamisi hiyo mama mmoja alifungua dirisha akauliza, "Nani wewe?" Nikajibu haraka mno, "Shikamoo mama, natafuta paka!" Kimya. Halafu ndani nikasikia sauti ya mwanamume, "Anasema anatafuta nini?" Nashukuru Mungu walinitambua kwa sauti. Tangu siku hiyo nilitembea na mdogo wangu, na kabla ya kumulika tulibisha hodi kwanza.

Ijumaa nikakuta paka wawili kwenye mtaro, wamekufa. Nikawageuza kwa kijiti mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa Kachero. Nilifurahi, halafu nikaona aibu kwa kufurahi, maana na hao walikuwa wa mtu.

Siwezi kuandika kwamba waliuawa kwa sumu, sina maabara. Naweza kuandika ninachokisikia kila asubuhi: kipaza sauti kikipita na wimbo wake wa dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Kiuatilifu halali kina jina na lebo. Kile nilichouziwa mimi kilikuwa punje nyeusi ndani ya mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa kwa moto wa mshumaa. Hakuna jina, hakuna onyo, hakuna maelezo ya cha kufanya mtoto akiila. Nilipomuuliza kijana ni dawa gani, alinijibu, "Braza, hii panya hafiki hata mlangoni." Lilikuwa jibu kuhusu nguvu. Nilikuwa nimeuliza jina.

Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, kule Soweto, Afrika Kusini. Serikali ya nchi ile ilitangaza kwamba kilichowaua ni terbufos, sumu ya shambani ambayo watu walikuwa wakiuziwa mitaani kuulia panya. Sisemi kwamba ndiyo inayouzwa Mabibo. Nasema sijui mtu yeyote mtaani kwetu anayeweza kuniambia kinachouzwa ni nini, na paka wanaokufa mtaroni ndio wanaotangulia kukionja, kwa kuila sumu yenyewe au kwa kumla panya aliyekwisha kuila. Ukimcheka anayeuliza paka wake amekwenda wapi, umemcheka mtu pekee aliyeinama kuangalia mtaro wako.

Nilimtajia mjumbe kwamba tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, na kwamba inakataza ukatili kwa mnyama. Akaniuliza kama hiyo ni ya hapa hapa. Ni ya hapa hapa mzee.

Kuna msomaji ataniambia: nchi hii watu wametoweka, wewe unatuletea paka? Swali hilo ni halali na limeniuma kabla hujaniuliza. Mwandishi mwenzetu Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba 2017. Sithubutu kumweka Kachero kwenye mzani mmoja na mtu. Lakini sikubali kwamba huruma ni kama maji ya bomba la mtaa, kwamba nikichota ndoo moja kwa ajili ya paka, basi wa nyuma yangu atakosa. Katika kuzunguka kwangu, walioniambia "nenda ukatafute watu" hawakuwa wakitafuta mtu yeyote. Walikuwa wanacheza bao.

Jumapili asubuhi, siku ya sita, nilikwenda kununua vitumbua. Mama muuzaji akaniona nilivyochoka akaniuliza nina nini mwanangu. Nikamweleza. Akaweka upawa chini. "Mbona kuna paka analia kule stoo tangu Jumatano?"

Stoo hiyo iko hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Nilizihesabu baadaye. Mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda msibani Tanga, amefunga kufuli Jumatatu jioni akiwa na haraka. Mimi nilishapita pale mara kumi, nikamulika nje, sikusikia kitu. Tulimpigia simu, akaruhusu tukate kufuli. Kachero alikuwa nyuma ya magunia ya mkaa, amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Nadhani kilichomwokoa ni ndoo ya maji iliyoachwa bila mfuniko. Alinitazama, akafungua mdomo, na sauti haikutoka.

Sasa hasira yangu iko hapa. Niliuliza nyumba zinazoizunguka ile stoo, mlango kwa mlango, kama nikusanyavyo habari. Watu sita walisikia. Sita! Wawili walisema walidhani ni jini, maana lilikuwa linalia ndani ya nyumba iliyofungwa, wakasoma dua na kulala. Mmoja alisema aliogopa kuonekana anachungulia mali ya mtu. Watatu walisema walijua ni paka, wakaona paka hapotei, atatoka mwenyewe. Kupitia kufuli? Na katika hao watatu mmoja alikuwa amenisikia Alhamisi nikipita na kuita, akanionea huruma kabisa, akamwambia mkewe, "Yule kijana atachanganyikiwa." Hakutoka nje kuniambia anachokisikia ukutani kwake.

Mama wa vitumbua naye nilimuuliza, mama, mbona hukusema tangu Jumatano? Akanijibu bila kukwepa, "Hakuna aliyeniuliza, baba. Na wewe ulikuwa unawauliza wanaume." Hapo sikuwa na la kujibu. Ni kweli. Nilikwenda kwa mjumbe, kwa fundi, kwenye bao. Yeye anakaa pale tangu saa kumi alfajiri akiwasha moto, anasikia kila kitu, na mimi nilimpita siku tano nikimulika tochi.

Kachero anakula kidogo kidogo, supu ya samaki kwanza, daktari wa mifugo alinionya nisimjaze chakula kwa pupa. Sauti bado haijarudi vizuri. Amelala juu ya magazeti yangu ninapoandika haya, na kipaza sauti kinapita tena barabarani na wimbo wake. Ngoja nivae ndala nikamuulize yule kijana, kwa mara ya pili, kwamba dawa yake inaitwaje.