KUMPIGA PICHA MWENZIO MAJINI

Aghalabu filamu zinazopigwa majini kwa zile kamera ndogo za michezo huwaletea watazamaji masikitiko. Askari aliyekuwa likizo hurudi kutoka Majanji na filamu ya saa nzima ya wenzake wakishindana kwa mitumbwi. Jamaa hukusanyika sebuleni, televisheni huwashwa, na kinachoonekana ni anga pana, maji mengi, na nukta tatu nyeusi zisizotambulikana. Mama huuliza mwanawe ni yupi. Hapo kamera hulaumiwa kuwa ni mbovu, ilhali imefanya kazi yake barabara.

Kamera za namna hiyo zilibuniwa kwa jambo jingine. Mwaka 2002 Mmarekani Nick Woodman, mpenzi wa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi, alikuwa akitafuta njia ya kujifunga kamera mkononi ili awapige picha wenzake wakiwa naye mawimbini. Kamera ya kwanza ya kampuni yake, GoPro, ilitoka mwaka 2004, nayo ilitumia filamu ya kawaida ya milimita 35. Kamera za video zilizofuata zilipewa lenzi pana mno, ili mtu aliye umbali wa mkono aonekane mzima pamoja na wimbi lake. Lenzi ya jinsi hiyo humsukuma mbali kila aliye zaidi ya hatua chache.

Hesabu yake si ngumu. Lenzi ionayo nyuzi 120 kwa upana, ikielekezwa kwa mtu aliye mita 10, hukusanya upana wa mita zipatazo 35. Kayaki ya mita 3 itapata humo chini ya sehemu moja ya kumi ya picha. Mtu huyohuyo akiwa mita 3 tu, upana huo hupungua hadi mita kama 10 na nusu, na kayaki yake hujaza karibu theluthi. Kamera nyingi, hata hivyo, zina kitufe au orodha ya kupunguza upana wa mtazamo. Ukipunguzwa hadi nyuzi 60, kayaki iliyo mita 10 hujaza robo ya picha na kuzidi kidogo. Wengi hununua kamera wakaitumia miaka bila ya kuigusa orodha hiyo.

Kukuza picha kwa mtambo wa ndani ya kamera ni jambo jingine, wala halifai kutegemewa. Huko kwa kweli ni kukata kipande cha katikati na kukitanua, na ukungu huongezeka kila kinapotanuliwa. Aliye na kamera irekodiyo nukta 3840 kwa 2160 anaweza kuikata picha baadaye, akiwa ametulia nyumbani, akabaki na 1920 kwa 1080, ambayo yatosha kabisa kwa televisheni ya kawaida. Amepata kumsogeza mwenziwe mara mbili bila hasara kubwa. Zaidi ya hapo ni kujidanganya. Na mpiga picha asimamaye ufukweni, wenzake wakiwa mita 50 ndani ya ziwa, heri atumie kamera yenye lenzi ndefu ya kukuza. Hii ndogo si darubini.

Yabaki basi kusogea, na kusogea ndiko kwenye hatari. Mitumbwi miwili ikienda kasi sambamba, mita 2 kati yao ni pungufu ya urefu wa kafi lililonyooshwa, na mpiga picha anayetazama kioo cha kamera haoni ubavu wake mwingine. Njia iliyo salama ni kuituma kamera badala ya chombo. Ifungwe kwenye mti wa mita 1 au 2 na kunyooshwa upande wa mwenziwe. Au ifungwe nyuma ya mtumbwi utanguliao, ikitazama nyuma, ili afuataye ajongee kadiri aonavyo salama. Yeye ndiye mwenye macho mbele. Bora kuliko zote, ifungwe kwenye omo ya mtumbwi wa mwenziwe huyo, imtazame yeye mwenyewe usoni. Hakuna picha iliyo karibu kuliko hiyo, na mama hatauliza tena.

Kimo nacho kina maana. Kamera ikiwa shubiri moja juu ya maji, wimbi dogo la Majanji huonekana kama mlima. Ikiinuliwa juu ya bega, mawimbi hulala lakini namna kafi linavyoingia na kutoka majini huonekana wazi. Kwa anayetaka kujifunza kosa la mkono wake, hiyo ya pili ndiyo yenye faida. Naye atumie mwendo wa picha 120 kwa sekunde, kwani zikionyeshwa 30 kwa sekunde kila kitendo huwa polepole mara nne, na kosa lililokuwa limejificha hujitokeza lenyewe.

Saa za kupiga picha huamuliwa na jua na upepo. Ghuba ya Berkeley, ambamo Majanji iko upande wa Uganda na Sio Port upande wa Kenya, hufunguka kuelekea kusini-magharibi. Asubuhi mtu aliye ufukweni akitazama ziwani jua huwa nyuma yake au ubavuni, na nyuso za wenzake humulikwa. Upepo nao huwa bado hafifu. Alasiri jua humkabili, nyuso hugeuka vivuli vitupu, na upepo wa ziwani huanza kurusha matone. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi kazi nyingi huwa imekwisha.

Tone moja la maji juu ya lenzi huharibu filamu nzima. Waendesha kayaki na watelezao mawimbini hulamba kioo ili maji yaenee kama utando mwembamba badala ya kushika matone. Ujanja huo wafaa, lakini kwa ziwa kama Viktoria mate yatangulie kamera ikiwa ingali kavu na safi, kisha ichovywe. Kuilamba tena baada ya kutoka majini ni kujitafutia homa ya matumbo. Ukungu wa ndani ya kifuko cha kamera hutokana na hewa yenye unyevu iliyofungiwa humo; kifungwe mahali pakavu, kivulini, mikono ikiwa imepanguswa.

Wakazi wa Tororo hawana ziwa. Mto Malaba wawapita kuelekea Mpologoma na Kyoga. Wengi wapendao maji makali hushika barabara ya Jinja, safari ya kilomita kama 130. Huko, tangu mwaka 1996, wageni huteremka Mto Naili kwa maboti ya mpira, yakisindikizwa na waendesha kayaki wa uokoaji. Katika maji hayo kamera isivikwe shingoni kwa kamba: kamba ikinasa kwenye mwamba au mti, humshikilia mvaaji chini. Ifungwe kwenye kofia ngumu kwa kishikizo chenye kukatika kikivutwa kwa nguvu, na ibandikwe boya dogo la rangi kali, kwa maana kamera peke yake huzama kama jiwe. Waliopiga picha Bujagali zamani wazitunze. Maporomoko yale yalifunikwa na maji ya bwawa mwaka 2011, na mtoto wa leo hawezi kuyaona ila katika filamu hizo. Si vibaya tarehe na majina ya waliomo yakaandikwa kabla wenye kuyakumbuka hawajatawanyika.

Kuhusu mpaka, wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kufundishwa, ila familia zao huenda zikasahau. Mpaka wa Kenya na Uganda wapita ndani ya ghuba, na maji hayana uzio. Mwenye kufukuza picha nzuri huvuka bila kujua. Achague alama mbili za nchi kavu kabla ya kuondoka, awe na kitambulisho chake katika mfuko usioingiwa na maji, na boti ya doria ikimsimamisha aishushe kamera kwanza ndipo aeleze. Kwenye kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi mwezi wa Februari mwaka 2018, kamera ikae ndani ya mkoba. Na filamu inayomwonyesha mwenzi akiwa kazini na sare yake haifai kusambazwa kwenye simu za watu.

Mwisho ni jambo ambalo vitabu vya kamera havilitaji. Anayetaka kuwa karibu hupenda kusimama majini hadi kiunoni, penye matete, na hapo ndipo konokono wenye kueneza kichocho wanapokaa. Vijidudu hivyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote. Kupiga picha kutoka ndani ya mtumbwi au juu ya gati hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Aliyekwisha kusimama humo ajipanguse mara moja kwa taulo, wala asijione amepona kwa kuwa hana maumivu. Kichocho cha ziwa hili hukaa zaidi tumboni na kwenye ini, si katika mkojo, na huweza kukaa miezi kimya. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa lakini ina nguvu ndogo kwa michanga, kwa hiyo kuinywa siku ya pili yake hakutoshi. Aende hospitali baada ya wiki sita hadi nane, apimwe choo, na amtajie mganga ni ufuko gani alisimama na ilikuwa tarehe ngapi.