ANAYEPIKA ANANYIMWA FEDHA

Ndugu Wanachama,

Kila mtu wa reli alijue jina la Atbara. Ni mji wa reli huko Sudan. Mwaka 1947 wafanyakazi wa reli waliandamana humo wakidai chama chao kitambuliwe, na kikatambuliwa. Tena Desemba 2018, kwa ajili ya bei ya mkate, watu wa Atbara waliingia barabarani. Kamati za mitaa zikapata nguvu nchi nzima, na Aprili 2019 Omar al-Bashir akaanguka.

Vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, mashirika makubwa yaliwahamisha wageni wao kutoka Khartoum. Nani alibaki? Vijana wa kamati zile zile! Waliunda vikundi vya dharura mtaa kwa mtaa, wakapikia watu chakula cha pamoja, wakatafuta dawa, wakatoa wazee penye mapigano. Wengine wao walikamatwa, wengine wakauawa.

Sasa nauliza: fedha za misaada hupewa nani? Mwaka 2016, huko Istanbul, serikali tajiri na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha hizo itawafikia wenyeji. Mwaka 2020 ukafika. Walizopewa wenyeji moja kwa moja hazikutimia hata senti 5 katika kila shilingi.

Mabwana hao husema ati wenyeji wataiba. Maneno hayo tunayajua sana. Ndiyo tuliyoambiwa sisi wafanyakazi, kwamba hatuwezi kushika fedha za chama chetu. Mwizi wa mtaani huonekana na jirani ambaye mtoto wake ana njaa. Mwizi wa ofisi ya mbali, nani atamwona?

Na anayengoja mkono wa mbali hulala njaa siku mkono ule ukifungwa. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na mamia ya majiko yale ya Sudan yakazimika.

Basi tuanze na sisi wenyewe. Tawi likichanga kwa ajili ya mafuriko au njaa, iwe hapa Kenya au ng'ambo, tuulize kwanza: kamati ya waliopatwa iko wapi, na nani aliichagua? Fedha zipewe kamati hiyo, na hesabu isomwe mbele ya wale wale wenye shida. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Umoja ni nguvu.

Mfanyakazi wa Reli