Kiingereza cha wenyewe na porojo zake

Vijitabu vya nahau za Kiingereza havikosekani. Vipo kwenye meza za wauza magazeti stendi, na siku hizi vimehamia kwenye simu kama video fupi, zote zikiimba wimbo mmoja: acha kusema "I'm fine", sema hivi, ndivyo wasemavyo wenyewe. Anayevinunua si mjinga. Ana usaili wa kazi wiki ijayo, au ana mtoto Kidato cha Kwanza ambaye juzi tu alikuwa akisoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Tatizo ni kwamba mengi anayouziwa humo hayana miguu. Nitayachukua yale yanayorudiwa sana.

"Ukijua nahau nyingi utaongea kama mzaliwa."

Hili ndilo baba lao. Wakenya waliofanya KCPE, mtihani ulioagwa mwaka 2023, wanalikumbuka vizuri: insha ya Kiingereza ilikuwa haijaiva mpaka msimulizi aamke "as fit as a fiddle", kisha mvua imnyeshee kwa paka na mbwa. Mwalimu alifurahi, alama zilipatikana, na mtoto akatoka shuleni akiamini kwamba hicho ndicho Kiingereza cha watu wakubwa.

Waliohesabu wameona vingine. Rosamund Moon, mtaalamu wa kamusi wa Uingereza, alipitia mkusanyiko wa maandishi ya Kiingereza wenye maneno milioni 18 hivi, akachapisha kitabu chake mwaka 1998. Sehemu kubwa ya misemo aliyoisaka haikufikisha hata tukio moja kwa kila maneno milioni moja, na maneno milioni moja ni kama riwaya kumi nene. "Kick the bucket", ambayo kila kijitabu huitanguliza, ilikuwa miongoni mwa zile adimu kabisa. Na hata hiyo adimu ina mahali pake. Sisi wenyewe tunajua tofauti ya kuaga dunia na kukata kamba. Hakuna anayesimama msibani kutangaza kwamba marehemu amekata kamba, lakini kijitabu hakimwonyi mnunuzi kwamba "kick the bucket" iko upande huohuo wa utani.

Sasa kinachomfanya mtu asikike mwenyeji ni nini? John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, aliyesimamia kamusi ya COBUILD iliyotoka mwaka 1987, alishikilia kwamba msemaji hajengi sentensi neno kwa neno. Anachota vipande vilivyokwisha kuungwa: "it depends", "as far as I know", "I was wondering if", "not really". Vipande hivi havina rangi wala havichekeshi, ndiyo maana havimo vijitabuni. Havina soko. Lakini ndivyo vinavyobeba mazungumzo ya siku nzima dukani, ofisini na hospitalini.

Hata vile vitenzi vinavyowatoa wanafunzi jasho, vya "put off", "put up" na "put out", si bahari isiyo na ng'ambo. Dee Gardner na Mark Davies, katika utafiti wao wa mwaka 2007, walivihesabu katika mkusanyiko wa Kiingereza cha Uingereza wa maneno milioni 100. Wakakuta vitenzi 20 tu, vya aina ya "go", "come", "take" na "get", vimebeba zaidi ya nusu ya matumizi yote ya namna hiyo. Mwenye muda mchache aanzie hapo, nahau 500 zitamkuta njiani.

Na kuna mitego midogo kuliko hiyo, ambayo sijaiona kwenye kijitabu chochote. Ukiniuliza kwa Kiswahili, "Hujala?" nami sijala, naweza kujibu, "Ndiyo, sijala." Naafiki ulichosema. Mwingereza anayeulizwa "Haven't you eaten?" na hajala hujibu "No". Sasa chukua Mtanzania kwenye kaunta ya uhamiaji, ofisa anamuuliza, "You don't have a return ticket?" Tiketi anayo mfukoni. Kwa ukweli wa lugha yake anajibu "No", yaani sivyo usemavyo, ninayo. Ofisa anasikia kwamba hana. Dawa yake ni rahisi: usiishie kwenye "yes" au "no", malizia sentensi. "Yes, I have it here." Ndugu wa mtego huu ni "Would you mind opening the window?" ambapo anayekubali husema "No, not at all", na anayejibu "Yes" huku akiinuka kwenda kufungua dirisha huonekana kama mtu mwenye hasira. Nahau mia za paka na mbwa hazimwokoi mtu hapo.

"Nahau hazina mantiki, kariri tu."

Nyingi zinayo, ila imezikwa kwenye kazi za watu. Waingereza walikuwa taifa la mabaharia, na lugha yao imejaa tanga na kamba. Mtu aliyepigwa na butwaa wanasema ni "taken aback". Nahodha wa jahazi huko Lamu hahitaji kuelezwa sana: ni pale upepo unapokipiga chombo kwa mbele, matanga yakaegemea mlingoti badala ya kuvuta, na chombo kikakwama ghafla. Nasi tunasema mambo yamekwenda mrama, na mrama ni ule mwendo wa chombo kuyumba baharini. Wamarekani nao wamechota kwenye mchezo wao wa besiboli. "Rain check" ilikuwa tiketi ya kurudi siku nyingine baada ya mvua kuvunja mchezo, na leo ndilo jibu la mtu anayeuahirisha mwaliko kwa adabu. Frank Boers na wenzake wamefanya majaribio darasani miaka mingi na kuona kwamba mwanafunzi anayeelezwa msemo ulitoka kwenye kazi gani huushika vizuri zaidi kuliko anayekaririshwa.

Ila chungeni wapishi wa asili za misemo. Mwaka 1999 ilisambaa kwa barua pepe makala iliyodai kwamba paka na mbwa walilala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikinyesha wakateleza na kuanguka, ndipo ukazaliwa msemo "raining cats and dogs". Hadithi tamu, lakini ni ya kubuni. Kinachojulikana ni kwamba maneno ya namna hiyo yalikuwa yakiandikwa tangu karne ya 17, na Jonathan Swift aliutumia msemo wenyewe katika kitabu cha mwaka 1738 alichokiandika kuyakejeli mazungumzo ya watu wa tabaka la juu. Yaani tayari wakati ule ulikuwa msemo uliochakaa kiasi cha kuchekwa. Miaka karibu 300 baadaye bado tunawafundisha watoto wetu kama kitu kipya.

"Ukitafsiri kutoka Kiswahili umekwisha."

Hapa nakubali nusu. Mtu akijikwaa mbele yetu tunamwambia "Sorry", kwa kuwa pole imo moyoni, naye mgeni kutoka Leeds anashangaa: kwani wewe ndiye uliyenikwaza? Tunainuka mezani na kusema "I'm coming" ilhali tunaondoka. Rafiki aliyeadimika tunamwambia "You are lost". Hayo hayasafiri mbali na mwenye safari ayajue.

Lakini kuyaita makosa na kuishia hapo ni uvivu. Kati ya Mombasa na Kampala "slowly by slowly" inaeleweka bila mkalimani, na "Sorry" yetu imeziba pengo ambalo Kiingereza chao kinalo. Mimi siifuti.

Isitoshe, Kiswahili kinasaidia kuliko tunavyoambiwa. Anayelalamika kwamba "take" ina maana nyingi zisizo na kichwa wala miguu atazame kula: tunakula kiapo, tunakula rushwa, tunakula hasara, na hakuna anayetafuna kitu. Viwili vya kwanza Mwingereza naye hutumia "take". Piga nayo inapiga simu, pasi, picha, soga na chafya. Msemaji wa lugha yenye vitenzi hivi ameshaujua mchezo wenyewe. Amwambie tu mwalimu wake aache kumfafanulia "take" kama neno lenye maana moja ya kuchukua.

"Angalia sinema, utajifunza yenyewe."

Sikio litafaidika, sibishi. Lakini mazungumzo ya sinema yameandikwa na mtu anayelipwa ili yakolee, na mara nyingi wanaozungumza ni majambazi, askari au wapenzi waliokosana. Kijana anayemwita meneja wa benki "man" amejifunza kweli, ila kwa mtu asiyefaa kuigwa ofisini.

Na lile dai la umri, kwamba mtu mzima amekwisha kuchelewa kujifunza, ndilo jepesi kuliko yote. Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857 kwa wazazi Wapolandi, akaanza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka 20 hivi, kazini melini. Riwaya yake ya kwanza kwa lugha hiyo ilitoka mwaka 1895. Lafudhi ya kwao haikumtoka hadi anakufa, na haikumzuia kitu.

"Mzaliwa wa Kiingereza ndiye kipimo."

Mzaliwa yupi? Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia kisa cha maofisa wa Uingereza na wa Marekani waliobishana muda mrefu juu ya "table". Waingereza walitaka waraka fulani uletwe mezani ujadiliwe mara moja. Kwa Wamarekani kuuweka mezani ni kuuahirisha, nao wakapinga kwa nguvu zote. Pande zote mbili zilikuwa zinataka jambo lilelile. Hadi leo ukimwambia Mwingereza kazi yake ni "quite good" anaweza kununa, na Mmarekani akafurahi.

Wanaokitumia Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu ni wengi kuliko waliozaliwa nacho, na maongezi yao mengi yanafanyika bila mzaliwa hata mmoja kuwapo. Barbara Seidlhofer wa Chuo Kikuu cha Vienna amechunguza mazungumzo ya aina hiyo. Aliona kwamba kuiacha ile "s" ya "she says" hakukwamishi kitu, lakini mtu mmoja akitumia nahau ambayo mwenzake haijui, mazungumzo hukwama.

Fikiria kikao Arusha chenye watu wa Bujumbura, Kigali, Juba na Dodoma. Wanaelewana, kila mmoja na lafudhi yake. Anaingia mshauri kutoka London, anataka "ballpark figure", kisha anapendekeza jambo fulani wali-"take offline". Nusu ya chumba inatikisa kichwa kwa heshima na haijaelewa. Kijitabu kitasema wale wajumbe ndio wenye upungufu. Mimi naona aliyevuruga kikao ni mshauri, na haki ya wajumbe ni kumuuliza palepale, "What do you mean by that?" Wengi wakiulizwa hivyo hawakasiriki. Hurudia walichosema kwa Kiingereza chepesi zaidi, na kikao kinaendelea.