KIBALI KWANZA, TUPA BAADAYE

Nchini Marekani, raia mwenye mashine ya kukereza nyumbani kwake anaweza kutengeneza kizima sauti cha bunduki kwa mikono yake mwenyewe, na polisi wasimguse. Habari hiyo huwashangaza wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza, hasa sisi tuliozoea kushusha sauti kila neno bunduki linapotajwa.

Lakini ruhusa hiyo ina mpangilio wake. Tangu sheria ya silaha ya mwaka 1934, mtu huyo hana budi kupeleka maombi serikalini kabla hajakata chuma, akaambatanisha picha yake na alama za vidole vyake, kisha akasubiri jibu. Chombo kikiisha, hutiwa jina na namba iliyomo katika daftari la serikali. Yapo majimbo, kama California, ambayo hayataki kabisa kusikia jambo hilo. Kodi yake ilikuwa dola 200, fedha ambazo mwaka 1934 zilitosha kumkatisha tamaa mtu wa kawaida. Haikupandishwa kwa miaka tisini, na sheria iliyotiwa saini Julai 2025 iliifanya kuwa sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kodi iliondoka, kibali na daftari vikabaki. Anayeanza kukereza kabla ya jibu ni mhalifu, hata kazi yake iwe nzuri namna gani.

Aliyekibuni chombo hicho ni Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake mwaka 1909. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni ile bunduki ya rashasha ambayo Wajerumani waliielekeza kwa babu zetu katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mzee huyo alipoteza usikivu kwa sababu ya mingurumo ya silaha zake mwenyewe. Mwana baadaye alipeleka ujuzi wake kwenye kutuliza makelele ya injini, na kila lori linalopita Tunduma kuelekea Zambia lina chini yake kifaa cha ukoo huo huo.

Je, tukitake kizima sauti hapa kwetu? Wawindaji wa Norwei na Finland hukitumia kulinda masikio yao, na hoja yao ni ya kweli. Jibu letu, hata hivyo, ni hapana. Tembo wa Tanzania walipungua kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi kiasi cha 43,000 mwaka 2014, na wengi wa waliotoweka waliuawa kwa ajili ya pembe. Askari wa wanyamapori analinda eneo ambalo macho yake hayawezi kulifikia lote. Masikio yake humfikisha mbali zaidi. Mlio wa bunduki usiku ni shahidi wake wa kwanza, na mara nyingi ni wa pekee. Kumnyang'anya shahidi huyo ili mtu apate burudani ya karakana ni biashara ya hasara.

Jambo la kujifunza liko katika ule mpangilio wa kibali kutangulia tupa, na hapo ndipo tunapoigeukia Ikinga. (Tunasema Ikinga ya wilaya ya Ileje, si Ukinga ya Makete.) Katika nyanda hizi za kusini uhunzi ni kazi ya kale. Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu kuliko kimo cha mtu, na Wakinga walijulikana kwa majembe yao. Mkoa wenyewe wa Songwe una Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma cha angani linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 au zaidi, ambalo limewashinda watu wengi wenye misumeno. Ujuzi wa chuma haukuletwa hapa na meli.

Kilicholetwa na meli ni gobore, na hapa wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya bara tu. Katika miaka ya 1880, bandari ya Unguja ilikuwa mlango mkuu wa bunduki zilizoingia Afrika Mashariki. Taarifa za kibalozi za wakati huo zilizikadiria kufikia 80,000 hadi 100,000 kwa mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu, zimetupwa na majeshi ya Ulaya yaliyopata mpya. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, ukaacha nafasi kwa zile za gumegume na baruti ya kawaida. Mhunzi aliyezikarabati za zamani akaja kuunda za kwake, na gobore likabaki vijijini hadi leo.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haimruhusu mtu kuunda wala kukarabati silaha bila leseni. Hatuna ugomvi na sheria hiyo. Gobore la kienyeji limekwisha kumpasukia mwenyewe usoni, na limekwisha kutumika katika ujangili na katika visasi. Ugomvi wetu ni kwamba mhunzi wa Ikinga hukutana na sheria hiyo akiwa amekwisha kukosa. Hukutana nayo katika msako, au katika siku za msamaha kama zile za Septemba na Oktoba 2022, wananchi walipotakiwa kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Anaweka chuma mezani, anashukuriwa, anarudi nyumbani. Nguruwe pori wanaendelea kula mahindi ya jirani aliyemwagiza gobore, na ile mikono iliyoweza kuliunda haina kazi nyingine inayolipa.

Twawaomba wakuu wa wilaya, polisi na maofisa maliasili walitazame hilo. Mkulima anayeliwa shamba apate jibu la haraka la askari wa wanyamapori, asiachiwe njia ya gobore peke yake. Fundi naye aelezwe waziwazi katika mkutano wa kijiji ni kazi gani inahitaji leseni, nani huitoa, na ni ipi haitatolewa kamwe. Maana wengi huijua sheria kwa kusikia adhabu yake tu. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya mafundi wa namna hii hii, limpe nafasi ya kukereza vipuri vya mashine za kusaga na za kukoboa kahawa, vitu vinavyohitaji mkono uleule na jicho lilelile.

Na iwapo msamaha mwingine utatangazwa, pawe na madaftari mawili juu ya meza. Moja la silaha zilizorudishwa. La pili liwe la majina ya wahunzi wanaotaka kazi halali, likapelekwe SIDO na VETA kabla mwezi haujaisha.